Nusu ya Mshika Kamba

Masunga alitaka mistari. Mfugaji huyu wa Majimoto alikuwa amenunua mashine ya kupalilia mpunga, ile ya kusukuma kwa mkono, na mashine hiyo ikikuta miche imepinda inaing'oa yote pamoja na magugu. Kwa hiyo alipowapa kina mama watatu ekari zake tano wazipande, aliwaambia neno moja tu.

"Mistari ikipinda, gunia silitoi."

Walikuwa Esteria, Sikujua na Pudensiana, wote wa jumuiya moja, na rozari wanasali nyumba moja. Sikujua ndiye aliyegawa kazi.

"Dada Esteria, kamba shika wewe. Mimi nikishika mstari unakwenda kama njia ya ng'ombe."

Pudensiana akacheka. "Na malipo yatakuwaje?"

"Malipo si tunagawana tu? Sisi si ndugu?"

Esteria akaitikia, wala hakuuliza zaidi. Kamba yenyewe ilikuwa yake, ameifunga vitambaa vyekundu vya kitenge chake kilichochakaa, kila shubiri kitambaa kimoja, ili mpandaji ajue mche unakaa wapi.

Nao waliifanya kazi hiyo mpaka miguu ikavimba. Wenzake wawili waliinama wakipanda. Esteria alichomeka kijiti upande huu, akavuka tope kwenda upande wa pili, akavuta kamba, akakodoa macho kuona kama imenyooka sawa, akarudi. Mstari ukiisha anang'oa vijiti na kuanza tena. Kila mstari ni kuvuka na kurudi, tope magotini, ruba kwenye mashavu ya miguu. Jioni wenzake walijinyoosha migongo. Yeye aliketi kwenye tuta akijikanda mapaja, akimshukuru Mungu kwamba siku imekwisha na kamba haikupinda.

Alikuwa na jambo lake moyoni. Nyuma ya nyumba alikuwa na kitalu cha miche ya mpunga, imekwishafika kimo cha kupandwa, na jaruba la kuipanda alikuwa analikodi kwa mzee Lyamba kila mwaka tangu mume wake afariki. Mzee Lyamba anachukua debe nane za mpunga, na anataka zifike kabla ya Jumapili, la sivyo anampa mwingine. Masunga aliahidi magunia matano. Gunia lina debe sita, kwa hiyo yote ni debe thelathini. Kwa watu watatu ni kumi kumi. Nane za mzee Lyamba, mbili za chungu. Esteria alikuwa amekwishazipika hizo mbili kichwani mwake.

Siku ya malipo ilikuwa Jumamosi. Sikujua alikuja na binti yake Yustina, wa kidato cha pili, mtoto ambaye Esteria alimsimamia ubatizo. Magunia yalikuwa yamepangwa uani kwa Masunga.

"Nimemleta msomi wetu atupigie hesabu," Sikujua alisema, "tusije tukagombana."

"Ya nini hesabu?" Esteria akauliza. "Si kumi kumi?"

Sikujua alimgeukia binti yake. "Piga ile niliyokuambia nyumbani."

Yustina akaokota kijiti, akachuchumaa, akaandika mchangani. Alikuwa anapenda hesabu, na uso wake uling'aa kama wa mtu anayeonyesha nguo mpya.

"Tunasema mpandaji mmoja anapata x. Wapandaji ni wawili, kwa hiyo x mbili. Mshika kamba anapata nusu ya x. Ukijumlisha unapata x mbili na nusu, na hizo ni sawa na debe thelathini. Gawanya. X ni kumi na mbili. Mama kumi na mbili, mama Pudensiana kumi na mbili, mama mkubwa sita." Akamtazama Esteria. "Nimehakiki mara mbili, mama mkubwa. Ukijumlisha zinarudi thelathini."

Esteria aliangalia ule mchanga. Hakuona kosa. Alisoma mpaka darasa la saba tu, lakini kumi na mbili, na kumi na mbili, na sita ni thelathini, hilo halina ubishi.

"Sikujua," alisema polepole, "tulisema tunagawana."

"Si ndiyo tunagawana? Dada, tusidanganyane. Huku kwetu kamba wanashika watoto, wanapewa uji wanaondoka. Wewe tumekupa nusu ya mtu mzima. Hukuinama hata siku moja."

"Uliniambia wewe nishike."

"Nilikuambia, ndiyo. Ungekataa."

Esteria akamtazama Pudensiana. Pudensiana alikuwa anafungua na kufunga ncha ya khanga yake, anafungua, anafunga, na macho yake hayakutoka kwenye fundo lile. Hapo Esteria akajua kwamba jambo hili lilikwishazungumzwa kabla yeye hajafika, na huenda lilizungumzwa kule kule jarubani, wenzake wameinama na yeye yuko tuta la pili akiwanyooshea mstari.

Masunga aliinua mikono. "Mimi mistari nimeiona, imenyooka. Mpunga ndio huo. Kugawana ni kwenu nyie."

Esteria alibeba gunia lake moja kwa baiskeli ya kukodi. Alifika kwa mzee Lyamba, akaomba atoe sita sasa na mbili baadaye. Mzee alisikitika kweli.

"Ungewahi, mwanangu. Mwenzako amepita hapa sasa hivi, kashusha debe nane. Nilidhani mmekubaliana."

"Mwenzangu yupi?"

"Sikujua. Si mnatembea wote?"

Njiani Esteria alisali Baba Yetu. Alipofika kwenye kusamehe wale waliomkosea, ulimi ukasimama. Akaanza upya, ukasimama pale pale. Akaona amwachie Mungu nafasi hiyo ikiwa wazi kuliko kumdanganya.

Jumatatu jioni Yustina akaja, sare ya shule bado mwilini, kiroba mkononi.

"Shikamoo mama mkubwa. Mama anasema kwa vile huna jaruba mwaka huu, miche yako itazeeka bure. Anaiomba. Na kamba pia."

Esteria alimkaribisha kigoda. Hakumpandishia sauti, mtoto ametumwa.

"Nipigie hesabu kwanza. Mpunga utakaovunwa pale, mwenye miche apate ngapi?"

Yustina akaokota kijiti. Akaandika x. Akafuta. Akafikiri, akaandika tena, akasimama.

"Swali halijakamilika, mama mkubwa. Hujaniambia mwenye miche anahesabiwa kama kiasi gani cha mtu."

"Na mshika kamba, nani alikuambia ni nusu?"

"Mama."

"Ulimuuliza kwa nini nusu?"

Yustina alitikisa kichwa. Kijiti kikabaki mkononi mwake, na kidogo kidogo uso wake ukabadilika, kwa sababu alikuwa mtoto mwenye akili.

"Lakini jibu lilikuwa sahihi," alisema kwa sauti ndogo.

"Lilikuwa sahihi, mwanangu. Wewe hukukosea."

Esteria aliinuka akaenda kitaluni. Aling'oa miche yote, akaiosha matope mizizini, akaifunga mafungu mafungu kwa ukindu na kuipanga kirobani vizuri, maana kitu kibichi alichokiotesha Mungu hakikustahili kuachwa kife kwa sababu ya watu. Akamtwisha Yustina kichwani.

"Na kamba, mama mkubwa?"

Kamba ilikuwa imening'inia ukutani, vitambaa vyake vyekundu vimekauka tope. Esteria aliitungua. Akaikunja duara ndogo, akaingia nayo ndani.

"Mwambie mama," alisema akiwa mlangoni, "kazi ya kamba ni ya watoto. Atashika yeyote."