Tundu la Taa ya Oili

Gereji ya Luhende iko Nyegezi, nyuma kidogo ya stendi, na wenye magari ya dizeli wanaifahamu kwa jambo moja: mwenyewe hana haja na vipimo. Anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye bloku ya injini, mpini anaubana sikioni, anafumba macho, kisha anakwambia kinachoisumbua injini yako. Watu wamemletea magari kutoka Geita kwa sababu ya sikio hilo. Naye, tusifiche, anaipenda sifa hiyo kupita kiasi.

Sikio lenyewe lilianza kumtupa mkono mwaka jana. Kwanza alidhani ni nta. Kisha akadhani Gladness, binti yake ambaye ni fundi mwenzake, ameanza tabia ya kunong'ona. Alipogundua kwamba mji mzima unanong'ona, akanyamaza. Fundi wa sikio akisema hasikii, anabaki na nini? Aliogopa, akalala na hofu hiyo na kuamka nayo, na hakumwambia mtu, hata mkewe.

Ndipo akaja Mutalemwa, Mhaya mwenye maneno mengi na moyo mweupe, anayesambaza vifaranga vya samaki kwa wafugaji wa mabwawa na wa vizimba vya ziwani. Pikapu yake hubeba matangi ya maji, na tangu aanze kupita darajani Busisi badala ya kungoja kivuko, amepata wateja wa mbali, huko kwenye vilima ambako injini yake hupanda ikihema. Gari likikwama juani, maji yanapata joto na vifaranga vinakufa vyote.

"Ngosha, nifungie tabo," alisema, akimwita Luhende kwa jina la utani la kabila lake. "Nimechoka kupitwa na matrekta."

"Nshomile mzima unapitwa na trekta? Lete." Luhende naye akamrudishia utani wa usomi wa Wahaya.

Tabo huisukumia injini hewa nyingi ipate nguvu, na mhimili wake huzunguka kwa kasi ya kutisha juu ya utando mwembamba wa oili. Ikikosa oili kwa muda mfupi tu, imekwisha. Kwa hiyo fundi lazima ajue mapema oili hiyo ataitoa wapi.

Luhende hakulihangaikia hilo. Miaka yote aliitoa ubavuni mwa bloku, kwenye tundu la swichi ya taa ya oili. Oili ya pale imeshapita kwenye filta na ina presha nzuri. Unaing'oa swichi, unafunga bomba la tabo mahali pake, waya unauviringishia tepu, basi. Taa ya oili kwenye dashibodi inakufa, lakini wateja hawaulizi, maana wanaye Luhende wa kuwasikilizia injini.

Akafunga hivyo hivyo, akawasha, akaweka bisibisi sikioni. Akasikia mngurumo wa mbali, mtulivu. Akatabasamu.

"Baba, zima!" Gladness alikuwa akipunga mikono yote miwili. "Zima, tapeti zinalia, hazipati oili!"

Akazima. Gladness alikuwa tayari chini ya gari. Nati ya bomba jipya haikuwa imekazwa sawasawa, na oili ilikuwa ikimwagika kwa nyuma, mchangani. Injini ilikuwa inakauka huku Luhende akiisikiliza na kutabasamu. Bahati yao, ilizimwa kabla haijadhurika.

Gladness alimtazama baba yake, kisha akarudi kuikaza nati. Luhende angependa aulize, hata agombe.

Mchana huo hakula. Alikaa juu ya rimu kuukuu akiwaza. Angeweza kutoa oili juu, kwenye silinda hedi, na swichi akairudishia tundu lake. Lakini oili hufika kule presha yake imechoka, na hiyo kidogo ndiyo inayolainisha kemshafti, mhimili wa kufungulia vali. Ni kumnyang'anya huyu umpe yule. Angeweza kutoboa tundu jipya karibu na filta, lakini vumbi la chuma likiingia ndani, injini umeiua kwa mikono yako. Ilibaki tii, kile kiungo cha njia tatu: kifungwe kwenye tundu lilelile, njia moja iende kwenye tabo, nyingine ibaki na swichi. Tii za shaba hupasuka kwa mtikisiko, swichi ikining'inia juu yake. Ingetakiwa ya chuma, na kishikizo cha kuibana kwenye bloku.

Kazi hiyo aliiweza. Kilichomkaa kooni ni taa. Ikiwa hai, mtu yeyote aliyeshika usukani ataijua hali ya injini bila Luhende, na Mutalemwa, asiyepitwa na jambo, atauliza kwa nini safari hii taa imeachwa, na siri ya sikio itafichuka. Kisha akamfikiria Mutalemwa mlimani, nati imelegea, taa imekufa, na yeye huku Nyegezi anatabasamu na bisibisi yake. Akaona aibu, aibu ya kweli.

"Gladness," akaita, "tafuta tii ya chuma."

Mutalemwa alikuja kesho yake asubuhi. Gladness akamwamkia, "Shikamoo," naye akaitika marahaba huku ameshaingia kwenye usukani. Alipozungusha ufunguo, taa nyekundu ya oili ikawaka, na injini iliponguruma, taa ikazimika. Akashuka anacheka.

"Ngosha, taa umeiacha leo? Mimi nilijua taa yangu ni wewe."

Luhende alikuwa ameandaa uongo mzuri kuhusu mtindo mpya wa kufunga tabo. Ukamtoka kichwani wote.

"Sisikii tena, Mutalemwa. Tangu mwaka jana. Jana injini yako ililia mbele yangu, nikaona iko salama. Hiyo taa ikiwaka njiani, zima palepale, usinipigie simu kwanza."

Mutalemwa akainama ndani ya gari, akazima injini na kuchomoa ufunguo.

"Sasa nani aliyeisikia?"

"Gladness."

Akautazama ufunguo mkononi, kisha akampita Luhende, akaenda kumpa Gladness. "Twende, mwanangu, tuipandishe mlima. Wewe ndiye utakayeisikiliza."

Hakufanya kwa ubaya. Mwenye gari yeyote mwenye akili angefanya hivyo, na Luhende alilijua hilo. Lakini iliuma, tena sana, kwa sababu ufunguo ule siku zote ulitua kwenye kiganja chake. Pikapu ikatoka getini, ikakata kona, ikaanza kupanda, na Luhende hakuweza kujua mngurumo wake uliishia wapi. Akavuta kiti, akakaa kungoja binti yake arudi amwambie injini inasemaje.