Kadi za Jenereta

Kabla ya vita vya mwaka 1979 nilikuwa karani wa kumbukumbu katika kampuni ndogo ya Jinja iliyokuwa ikikarabati jenereta za hospitali na zahanati za mashariki. Kila jenereta ilikuwa na kadi yake: aina ya injini, namba yake, vipuri vilivyoikubali na vilivyoikataa. Fundi hakutoka ofisini bila kuniuliza kwanza. Kadi zote zilikaa katika kabati moja la chuma nyuma ya kiti changu, na jambo hilo lilininyima raha.

Nikaandika ukurasa mmoja. Niliomba kadi zinakiliwe, nakala zipelekwe kwenye tawi letu la Mbale, ili ofisi moja ikipatwa na moto, wezi au machafuko, nyingine iendelee na kazi. Meneja alikuwa anausoma wakati afande mmoja wa kambi ya Kimaka alipoingia kuulizia jenereta ya jeshi. Aliichukua karatasi mezani bila kuomba.

"Hatari gani hii nyinyi nangojea?" akauliza.

"Moto tu, afande," nikajibu. "Na wezi."

"Hapa naandika machafuko. Nani naambia wewe machafuko nakuja?"

Meneja alicheka kicheko cha woga, akaichana karatasi mbele yake vipande vipande. Afande alipoondoka, hasira zote zikanigeukia mimi. "Dada, unataka tupotee wote wawili?" Siku zile kujiandaa kwa mabaya kulihesabiwa kuwa ni kuiombea serikali ianguke.

Vita vilipokaribia, askari waliokuwa wakikimbia walilala ofisini kwetu siku kadhaa. Walibeba mashine ya teleksi, ile ya kutumiana maandishi kwa waya, sijui waende kumpigia nani. Kadi zangu walizipikia chai barazani, maana ile karatasi nene inashika moto vizuri. Walipopita, watu wa mtaani wakamalizia meza na milango. Wanajeshi wa Tanzania walipoingia mjini nasi tukarudi, nilikuta majivu na pembe za kadi zilizoungua. Kwenye moja niliweza kusoma neno "gasketi", basi.

Hospitali zikaanza kuleta shida zao. Meneja akaniambia, kana kwamba ni jambo dogo, "Si ulikuwa unazijua kwa kichwa?"

Nilizijua baadhi. Hospitali moja ya kwenye mteremko wa mlima Elgon ilihitaji pampu ya dizeli, nikamtajia fundi namba kwa kukumbuka. Alikwenda, akahangaika siku mbili, akarudi na pampu mkononi. Haikuingia. Alikuja na mkunga wa hospitali ile, mama mtu mzima aliyevaa sweta juu ya sare. Akanieleza kwamba walimpasua mzazi kwa mwanga wa karabai, na karabai ikazimika katikati ya kazi. Mtoto alipona. Mama yake hakupona. Mkunga hakunipigia kelele. Heri angenipigia.

Siku iliyofuata, nikiwa nimekaa kwenye sanduku kwa kukosa kiti, ndipo akili ilipofunguka. Stoo ya vipuri ilikuwa Mbale, kwa sababu mzigo ulitoka Kenya. Kila tulipoomba kipuri tulituma teleksi yenye namba ya injini, na teleksi huchapa maneno yale yale kwa anayetuma na kwa anayepokea. Mbale walikuwa na kila neno tulilotuma.

Nilidandia lori la sabuni. Mwenzangu wa Mbale, mwanamume mpole aliyekuwa akiipokea teleksi, nilimkuta kwake mtaani Nkoma ametoka kuswali adhuhuri.

"Karatasi zipo," alisema akitazama chini. "Nilizileta nyumbani kabla askari hawajafika. Ila mama mkwe..."

Mama mkwe wake aliuza karanga sokoni. Tulimkuta anakunja teleksi zetu kuwa koni za kufungia karanga, moja baada ya nyingine, kwa vidole vyepesi.

"Mama, hizo ni karatasi za kazi," nikamwambia, nikijizuia nisilie.

"Na hizi karanga ni nini, mwanangu, mchezo? Nizifunge na nini? Niambie duka gani limefunguliwa."

Nilinunua majani ya migomba, nikaketi kumfungia karanga siku nzima, ndipo akanikabidhi rundo lililobaki. Kuna wateja waliorudisha za kwao zikiwa zimelowa mafuta. Mimi na mwenzangu tukaandika kadi upya, kila moja mara mbili, kwa wiki tatu. Karibu nusu zilikuwa zimekwisha kuliwa na soko.

Karatasi ya hospitali ya mlimani ilikuwepo. Injini ile ilikuwa imebadilishwa, nami nilitaja namba ya ile ya zamani. Nilipanda huko pamoja na fundi. Jenereta ilipowaka, mkunga aliwasha taa ya chumba cha upasuaji, akaitazama kidogo, akaizima ili dizeli isipotee. "Asante," alisema, akarudi wodini.

Niliporudi Jinja nilikuwa na seti mbili za kadi. Meneja aliagiza zote ziwekwe katika kabati jipya, pamoja, "zisipotee". Nikamkumbusha kuhusu nakala ya Mbale. "Vita vimekwisha, dada," akasema. Ijumaa hiyo nilitia seti moja kwenye kikapu chini ya nguo, nikapanda basi la Mbale. Meneja akanipa barua ya onyo kwa kuhamisha mali ya kampuni bila ruhusa. Nilitia sahihi.

Miaka michache baadaye askari wengine waliivunja tena ofisi ya Jinja. Kazi ikahamia Mbale, na asubuhi ya pili mafundi walikuwa njiani. Wakubwa wa kampuni walikuja, wakamsifu meneja mbele yetu kwa kuona mbali. Alitabasamu, akasema ametimiza wajibu wake tu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimimina chai. Mwezi uliofuata niliomba uhamisho wa Mbale, na sikumweleza sababu.