Siku Baba Mkwe Alipoingia Kwenye Seva Yetu

Nikiri kabisa kabla hamjaanza kucheka: mimi, mama wa watoto wawili, mhitimu wa kidato cha nne wa shule ya usiku hapa Tukuyu (Kiswahili nilikifaulu mpaka nadhani aliyesahihisha alitokwa machozi), nimewahi kuingia kichwa mbele kwenye hori la ng'ombe, nikiwa na gauni jipya la sherehe, ukoo mzima wa mume wangu ukitazama, na aliyenitupa humo hakuwa mtu wala ng'ombe, ilikuwa kura niliyoipiga mwenyewe kwenye simu yangu mwenyewe.

Kwa wasiotoka Rungwe nieleze kwanza. Kwetu mkamwana na baba mkwe wanaepukana. Hamtazamani usoni, hamsalimiani, hamketi pamoja, na jina lake hulitaji (hapa pia silitaji, msinisumbue). Wengi wa mjini wameshaiacha desturi hii, lakini nyumbani kwa wakwe zangu, Kisondela, bado ipo hai, na kusema kweli haikuwahi kunitesa: mzee akija upande wa jikoni anakohoa akiwa bado mbali, mimi nachepuka migombani, anapita, narudi kwenye sufuria langu. Tumeishi hivyo kwa amani inayozishinda nchi zenye mabalozi. Na msidhani ni mzee mkali. Nilipotaka kurudi shule nikiwa na mtoto mgongoni, mashangazi wa mume wangu walinisema mpaka majani ya migomba yakanyauka, yeye nikamsikia kupitia ukuta wa jikoni akisema maneno mawili: "Mwacheni asome." Mjadala ukafa palepale. Na mimi sijawahi kumwambia asante, maana ningemwambiaje?

Sasa mwaka jana mwanawe mdogo, shemeji yangu Gwakisa anayefanya kazi Mbeya, akamnunulia mzee simu ya kupangusa na kumwingiza kwenye ule mtandao mkubwa wa kampuni, ule wenye watu kama mchanga, akamwekea picha ya ng'ombe wake wa maziwa badala ya sura. Siku hiyohiyo nikahama. Nilikuwa na wafuasi wangu mle, nilikuwa natuma vichekesho vyangu, lakini ningechekaje ukumbini huku baba mkwe amekaa kwenye benchi? Nikamwachia mtandao mzima na mabilioni yake. Sidhani kama duniani kuna mkamwana mwingine aliyewahi kutoa heshima ya ukubwa huo.

Nikahamia kwenye kale kamtandao ketu. Lusajo, fundi simu na kompyuta pale Makandana ambaye tulisoma naye usiku, alikuwa na seva yake ndogo, na humo tulikuwa sisi: wanafunzi wenzangu wa usiku, manesi kadhaa, walimu waliohamishiwa huku kutoka mikoa mingine wasioacha kulalamikia baridi. Lusajo alitueleza kwamba seva kama yake zipo maelfu duniani, kila moja ni nyumba yenye mwenyewe, hakuna tajiri mmoja anayezimiliki zote, lakini zinaongea lugha moja, kwa hiyo mtu wa nyumba hii anaweza kumfuata mtu wa nyumba ile bila kuhama kwake. Nilipenda sana jambo hilo. Kuna jioni nzima nilimkalisha nikimuuliza: je, mtu wa Brazili anaweza kuniona? Anaweza. Je, mtu wa Brazili anaweza kuniona akiwa hanitaki? Akasema, "Dada, nenda kapike."

Humo ndimo nilimotuma video yangu. Ilikuwa ya mkwe na mkamwana, na wote wawili ni mimi: hapa nimevaa koti kubwa na masharubu ya mkaa, naja nakohoa kama trekta linalogoma kuwaka, pale nimejitanda kanga mpaka machoni, nakisikia kikohozi, naruka nyuma ya mgomba, natua kwenye beseni la maji. Kwenye seva yetu walicheka mpaka nesi mmoja akaandika kwamba ameshindwa kumpima mgonjwa presha. Walicheka kwa sababu kila mmoja ama ana mkwe, ama ni mkwe, ama ameshaelezwa.

Basi, ndipo ikaja habari kwamba ile kampuni kubwa nayo imejifunza lugha ya nyumba zetu. Watu wake sasa wataweza kutufuata sisi, na sisi kuwafuata wao. Mwenye seva anaweza kuwakaribisha au kuwafungia nje, na Lusajo, kwa kuwa ni mtu wa haki, akasema tupige kura.

Yeye mwenyewe hakutaka. Aliandika, "Jamani, wale ni wengi mno. Wakiingia hapa, sisi ndio tutakuwa wageni." Maneno ya busara, nayaona leo. Lakini mimi nilikuwa nawashwa. Kampuni tajiri namna ile inakuja kubisha hodi kwenye seva iliyofungwa chini ya meza ya fundi simu, inataka nini kwetu? Watakuja na adabu? Wataleta matangazo? Sikuwa na hoja yoyote, nilitaka kuona tu. Nikafanya kampeni ambayo hata wabunge hawaifanyi, nikawaahidi walimu marafiki, nikawaahidi manesi ukarimu wa dunia, mkulima mmoja wa Ibighi nikamwahidi kwamba parachichi zake zitajulikana mpaka kwenye barafu. Tukashinda. Lusajo akafungua mlango, akaandika, "Ndaga, tutaonana mbele," ndaga ndiyo asante ya kwetu. Na mimi niliyehama kwa sababu ya baba mkwe, mimi niliyemkimbia mzee wa watu kwa heshima zote, haikunipitia akilini hata kidogo kwamba mlango ule unatokezea kwake!

Jumapili iliyofuata ilikuwa kipaimara cha mtoto wa wifi yangu Subilaga. Tukajaa Kisondela. Wanaume na wazee uani, sisi wanawake jikoni nyuma ya nyumba, moshi na mvua nyepesi, mimi nimesimamia sufuria la mbalaga, zile ndizi zetu za kupika na maharage, lenye ukubwa wa kuogeshea ndama. Gwakisa alikuwa ameleta spika yake ya kutikisa mabati, ameiunganisha na simu, anapiga nyimbo za kwaya. Nyimbo zikakatika. Nikamsikia akisema:

"Oneni huyu mama wa huko mitandaoni! Sijui ni wa seva gani, nimeletewa tu. Anamwigiza mzee wa kwetu kabisa!"

Kisha spika ikakohoa.

Ndugu zangu, kuna kusikia sauti yako kwenye simu, na kuna kuisikia ikitoka kwenye spika ile, ikigonga mlima na kurudi. Uani wakaangua kicheko. Jikoni kijiko kikanidondoka. Subilaga akanigeukia polepole.

"Wifi, hicho kikohozi mbona kama nakijua?"

"Kuna mafua yanazunguka," nikasema.

"Na huo mgomba unaosikika ukitikisika?"

"Migomba inafanana."

Dawa ilikuwa rahisi: niende uani, nimnyang'anye Gwakisa simu. Lakini mzee amekaa hapohapo! Nikatoa simu yangu, nikaifuta ile video. Imefutika, nimeona kwa macho yangu. Uani wakasema, "Rudia! Rudia!" na spika ikakohoa tena. Nikampigia Lusajo.

"Zima seva!"

"Dada, kuna nini?"

"Nimefuta video, bado inacheza! Zima kila kitu!"

"Nikizima mimi, nimezima ya kwetu. Kule walishachukua nakala. Taarifa ya kufuta inawafikia, lakini lini wataitii, hilo wanajua wao."

"Waambie ni dharura!"

"Niwaambie akina nani, dada? Mimi ni fundi simu wa Makandana."

Wakati huohuo kicheko cha uani kikakatika ghafla, kama kimefunikwa na chungu. Halafu nikaisikia sauti ambayo kwa miaka yote nimeisikia kupitia kuta tu.

"Hilo koti," alisema baba mkwe, "ni langu."

Na lilikuwa lake. Mama mkwe alimpa mume wangu koti hilo la zamani la kukamulia alfajiri, nami nilipotafuta la kuigizia nikalichukua msumarini bila kuwaza. Kumwigiza mkwe, sawa, ningeweza kusema ni mkwe yeyote yule. Lakini kuvaa nguo yake! Mimi nikaamua kukimbia, nizunguke banda la ng'ombe, nitokee barabarani, bodaboda, Tukuyu, ikiwezekana Brazili. Nikatoka mbio. Na mzee naye, kwa aibu, alikuwa ameinuka aondoke kwa njia ileile, na kwa kuwa ni mtu wa adabu hata akiwa ameumia, akakohoa.

Mwili wangu haukuniuliza. Uliruka. Palipokuwa na mgomba kwenye video, hapa palikuwa na hori lililojaa matete mabichi, nikazama mpaka kiunoni, miguu juu, na ng'ombe, aliyekuwa akila zake kwa amani, akanilamba shingo. Uani nikasikia mtoto fulani akipiga kelele kwa furaha, "Sehemu ya pili!"

Mume wangu ndiye aliyenivuta. Aliniondolea majani kichwani tu, akitazama pembeni, mabega yakimtikisika. Mzee alikuwa ameshaelekea kwenye mashamba ya chai.

Jioni mama mkwe akaja jikoni, akaketi kwenye kigoda. Nikapiga magoti nianze kuomba radhi, akanizuia.

"Koti amelisamehe. Hata kile kikohozi, njiani nimemwona akitabasamu peke yake. Hilo silo linalomuumiza. Amemwambia mjukuu amsomee yale waliyoandika watu chini."

Mimi nilikuwa sijayasoma. Nikayafungua kupitia simu ya Subilaga. Kwenye seva yetu walikuwa wameandika "mkwe wangu huyo!" na vicheko. Kule kwa kampuni, watu wasiotujua, kwa mamia, walikuwa wameandika mengine: mkoloni huyo, mzee mnyanyasaji, mwanamke mtumwa, washamba hawa wafungwe.

"Ameuliza kama watu hao wanamjua," mama mkwe akasema. "Mjukuu akamwambia hapana, babu. Naye mzee akasema, mimi huwa nakohoa ili mkamwana asishtuke akajimwagia maji ya moto."

Hapo ndipo nilipolia, na siongezi chumvi, nililia kweli. Mimi niliwaalika wale watu. Niliwafanyia kampeni.

Nikakaa na simu kando ya moto nikaandika, safari hii bila koti wala masharubu. Niliandika kwamba mzee mnayemtukana ndiye aliyesema niachwe nisome wakati ukoo mzima umekataa, na kwamba bila yeye nisingejua hata kuandika maneno haya. Niliandika kwamba kukohoa kwake ni hodi ya mtu anayejali, na kwamba asante hii nimeibeba miaka mingi kwa kukosa pa kuisemea. Nikaituma. Nilijua itapita mlango uleule niliouchagua, na kwamba mjukuu atamsomea.

Kesho yake nikaifunga akaunti yangu, kwa sasa anayetaka kunifuata lazima aombe kwanza. Video kule ikatoweka kimyakimya siku chache baadaye, taarifa ya kufuta ilikuwa imewafikia hatimaye, labda ilikuja kwa miguu. Na asubuhi moja nikiwa nakamua, simu ikalia: kuna mtu wa ule mtandao mkubwa anaomba kunifuata. Nikafungua. Picha ya ng'ombe.

Nimeapa, nyie ni mashahidi: sitapiga tena kura ya kufungua mlango kwa kutaka kuona tu, mpaka niulize kwanza mkwe wangu anakaa upande gani. Ila hicho ni kiapo cha kesho, na ombi ni la leo. Nikikubali, nimeketi na baba mkwe sebule moja. Nikikataa, nimemfukuza mlangoni pangu mzee aliyenipeleka shule. Mama mkwe nilipomuuliza alicheka tu, akasema hayo mimi na elimu yangu tutayajua. Kila asubuhi nalifungua lile ombi, nalitazama, nalifunga taratibu. Mpaka leo sijasema karibu, wala sijasema rudi.