Mpogoa Michikichi Anayewasubiri Kwera

Asubuhi, katika mtaa wa Golf, Lubumbashi, Albertine Mapalo amekumbatia shina la mchikichi, kamba kiunoni, panga mgongoni. Chini, mumewe, Donat Chama, ameshika upande wa pili wa kamba. Mguu wake wa kushoto haunyooki. Juu yao viota vya kwera vinaning'inia kwenye ncha za makuti, na kelele za ndege hao zinasikika hadi barabarani.

Albertine anakata makuti makavu. Yenye viota hayagusi.

"Mule iko batoto," anamwambia mwenye nyumba, Edouard Mbuyi. "Bapuruke kwanza, njo nitarudia."

Mbuyi alitaka mti wote uwe safi kabla ya harusi ya binti yake. Anatazama juu, kisha anakubali, ingawa si kwa furaha. Si wateja wote hukubali. Msimu wa mvua, kwera wanapozaa, kipato cha Albertine hupungua karibu nusu.

Kazi hii ilikuwa ya Donat. Mvua za mwaka juzi, mteja mmoja alimtaka aangushe viota vyote, kwa kuwa ndege walikuwa wakichafua gari lake. Kwera mara nyingi hujenga karibu na nyigu, ambao huwafukuza nyoka na wezi wengine wa mayai. Donat alilijua hilo, ila siku hiyo hakuwaona nyigu hao. Alipovuta kuti la kwanza walimvamia usoni, akaachia shina. Mguu ulivunjika mahali pawili.

Alilala nyumbani kwa miezi kadhaa. Albertine aliuza redio, kisha cherehani iliyokuwa ikimpa kazi ya kushona. Vilipokwisha vya kuuza, alichukua panga. Donat alikataa, na kwa siku kadhaa hawakuelewana, hadi mkewe alipomwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

"Baba Ariel, mie njo nitapanda. Weye utashika kamba."

Majirani walisema mwanamke hapandi mti. Donat anasema maneno hayo ameyazoea. Asichozoea ni kumwona mkewe kule juu.

"Ninaogopa kila siku," anasema. "Lakini kamba siachie."

Albertine naye humsimulia kutoka juu anayoyaona: dume anasuka kiota kwa nyuzi za majani mabichi, kisha ananing'inia kwenye kiota hicho akipiga mabawa ili jike aje kukikagua. Jike akikikataa, dume hukibomoa na kuanza upya. Hapo, anasema, ndipo humsikia mumewe akicheka.

Kiangazi kijacho wanataka kuomba kazi ya michikichi ya barabara ya Luano. Ile ni mirefu, na kamba pekee haitoshi.

"Tunatafuta mukanda kama ya bale bantu ba courant, benye kupanda nguzo," anasema Albertine akishuka, akimaanisha mafundi wa umeme. "Nikiipata, ataacha kuogopa."

Donat anamfungua kamba kiunoni.

"Nitaogopa tu," anasema.