Hodi kwenye Televisheni ya Bibi

Mjomba wangu, baharia, alirudi Malindi na kompyuta ndogo isiyokuwa hata na kioo chake. Ilibidi ichomekwe kwenye televisheni ya bibi. Bibi akaitazama mara moja, akasema kitu kisicho na faida nyumbani kiuzwe. Mwenye hoteli mmoja wa Bofa alikuwa keshaitaka. Nami nimemaliza shule, sina kazi, na ile mashine nimeipenda ajabu. Nikambembeleza bibi mpaka akakubali nimtengenezee mchezo. Akiupenda, mashine ibaki. Asipoupenda, Ijumaa iende zake Bofa.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa maneno matupu, hauna picha: unazunguka mtaa, nyumba kwa nyumba, ukitafuta halua iliyofichwa. Kila kitu unachokikuta kina orodha ya mambo unayoweza kukifanyia: beba, fungua, kula. Kwa pupa yangu nikakiandikia kila kitu orodha yake peke yake, kila kikapu, kila sanduku, kila mlango. Hata nusu ya mtaa sijafika, nafasi ya mashine ikajaa. Nililia, sisemi uongo.

Nilipokwisha kulia nikafuta yote. Nikaandika vipande: kipande cha kubebeka, cha kufungulika, cha kulika, kila kimoja mara moja tu. Kitu kikija, nakibandika vipande vinavyokifaa, na orodha inajipanga yenyewe. Embe: beba, kula. Kikapu: beba, fungua. Mtaa mzima ukaenea na nafasi ikabaki. Nikaringa wee! Mjomba akajaribu, akakuta mlango unalika, akaula, akauliza kama pilipili ipo. Nikamfukuza nikaenda kukibandua kile kipande cha kulika nilichoubandika mlango kimakosa.

Alhamisi alasiri bibi akaketi. Yeye alisoma hati za Kiarabu tu, kwa hivyo nikamsomea: mbele yako pana mlango, moja, fungua, mbili, ondoka.

Akanigeukia kwa utani wake wa bibi na mjukuu. "Mke mwenzangu, na hodi iko wapi?"

Nikamwambia hakuna, ni mchezo tu. Akasema mtu mzima kama yeye hasukumi mlango wa watu, hata uwe wa kwenye televisheni, na kwani mimi nimelelewa wapi? Mjomba akaanza kuzungusha waya wa mashine mkononi, taratibu, makusudi, anikere. Nikakereka kweli.

Lakini hapo ndipo nilipoona raha ya vile vipande. Sikugusa mlango hata mmoja. Nilitia hodi ndani ya kipande cha kufungulika, basi, milango yote ya mtaa ikapata adabu kwa pamoja. Makapu na masanduku nayo yakawa yanapigiwa hodi, ila hilo nikalifumbia macho.

Bibi akapiga hodi. Kimya, mtu wa kuitikia sikuwa nimemwandika. Akapiga ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Nikamwambia afungue tu, halua imo humo humo.

Akainuka, akajitanda leso yake. "Wenyewe hawapo."

Mjomba akauliza kama basi afungashe mashine. Bibi akamkata jicho.

"Ufungashe uende nayo wapi? Kesho nitarudi kuwapigia hodi."