Juu ya Nini Majina Yetu Hayabandikwe Komini?

Admini, ufiche jina langu, kanisani kwetu wengi wanasomaka hii page. Mimi ni dada wa miaka 31, mushonaji wa Katoyi, hapa Goma. Jumamosi hii ninaolewa. Robe ya arusi nimejishonea mwenyewe, lakini furaha sina.

Fianse wangu, ule mwenye atanioa, anauza mbao. Alitoka Butembo peke yake, akaanza kusali kwetu, na mbao zote za kanisa mupya ni yeye alizitoa bure. Mahari alileta, mama yangu akapiga vigelegele, na mimi nilimupenda kweli, sitawadanganya.

Sasa musikilize. Pasta wetu ni mukali kwa mambo ya ndoa. Wachumba wote anawaambiaka: "Muende kwanza komini, kwenye ofisi ya serikali, majina yabandikwe kwenye ukuta, watu wasome. Mwenye kuwa na neno aseme. Kisha ndiyo nitawabariki." Nimeimba kwenye ndoa nyingi pale, sijaona hata moja yenye iliruka ule ukuta.

Lakini kwetu sisi? Alituita kwake akicheka-cheka: "Nyinyi musijisumbue. Mukubwa wa komini ni mutoto wangu wa kiroho, atawafungisha bila kubandika." Na ni kweli, yule mukubwa anaketi kiti cha mbele, na watu wanasema ni pasta alimusemea kule juu mpaka akapata ile kazi. Nikauliza, "Pasta, juu ya nini sisi tu?" Akaacha kucheka. "Binti yangu, roho ya mashaka haitoke kwa Mungu."

Aka! Mimi si mutoto.

Tukiwa njiani nikamuuliza fianse: "Kama hakuna mutu wa kutukataza, unaogopa nini?" Akasema, "Watu wa Butembo wanapitaka sana pale komini."

"Na wakisoma?"

"Tutaongea ndoa ikiisha."

Ndoa ikiisha! Nikamuelezea mama, naye akanikaripia: "Unataka kuzeeka kwenye mashini ya kushona? Mutumishi wa Mungu hawezi kukutupa." Basi nikaenda komini mwenyewe kuomba watubandike. Karani aliposikia jina la pasta, akarudisha kalamu mufukoni. "Mama, yenu imeisha kupangwa na wakubwa. Uende tu ujiandae."

Nalia kila nikigusa ile robe. Nampenda, lakini sitaki kuingia kwa bwana ya mutu nikiwa nimefumba macho.

Komini imekataa kunibandika, basi najibandika hapa. Wewe mama mwenye uko Butembo, kama bwana yako alishuka Goma na mbao, anakulaka chakula na mukono wa kushoto, na kila mara anakuambia uvumilie, usalama ukirudi barabarani atakuita, tafadhali uniandikie mbele ya Jumamosi. Sitakutukana.

Na nyinyi wengine munishauri: niivae hii robe, ao niikunje?