Taarifa sita alizozifunga Modesta

Saa mbili kasorobo asubuhi, ofisini kwake juu ya duka la mabati Buhongwa, Modesta Machibya amebana simu kati ya sikio na bega. Upande wa pili, mhudumu wa afya wa kijijini analalamika kwamba programu ya kuandikisha watoto imejifunga tena.

"Usiizime, mama! Wala usifute kitu," anamwambia. "Haya, tuanze ulipoifungua. Ulikuwa unamwandika nani? Kidole kikagusa wapi? Kioo kikaandika nini kabla haijajifunga?"

Mama wa watu anajibu kidogo kidogo, Modesta anaandika. Baada ya dakika kumi na nane mafundi wa programu wanapata taarifa inayoeleweka: aina ya simu, alichogusa kwanza, alichogusa mwisho, maneno yaliyotokea. Ofisini hakuna anayemfikia kwa kazi hii.

Ukimsifu, anainamisha uso. "Usiandike hivyo," anamwambia mwandishi. "Andika nilivyokuwa."

Haya, alivyokuwa. Mwaka jana Modesta, mwenye miaka 29, hakuwa anampigia mtu yeyote. Alikaa hapo hapo akisoma taarifa ambazo wahudumu walizituma kwa kuandika kwenye kisanduku cha simu. Kisanduku kile kilibeba herufi 160 tu. Zilizozidi kilizikata kimya kimya, na mwandikaji hakuambiwa.

Sasa nani huku Usukumani atamwandikia mkubwa wake barua bila salamu? Taarifa moja kutoka Misungwi ilifika hivi: "Shikamoo viongozi wangu. Poleni na majukumu. Sisi huku hatujambo, mvua zimeanza, tunamshukuru Mungu. Samahani kwa usumbufu, naomba kuwajulisha kwamba nikimwandi".

Basi, ikaishia hapo. Modesta akabofya "haina maelezo", akaifunga. Mhudumu yule akatuma tena, na tena, mara sita ndani ya wiki tatu. Zote sita zilifungwa.

"Ya nne niliwasomea wenzangu kwa sauti ya kibibi cha kijijini," anasema, na machozi yanamlenga. "Tulicheka hadi tukashika mbavu. Mimi! Mama yangu mzazi anaandika vile vile. Nikikumbuka, natamani ardhi ipasuke."

Aliyegundua ni Rahim, fundi wa programu. Aliuliza kwa nini taarifa 61 zilikuwa na urefu ule ule, herufi kwa herufi. Modesta akazifungua, akaona zote zimekatwa kwenye herufi ya 160. Akatafuta namba binafsi ya yule wa Misungwi, akapiga.

Aliyepokea ni Dorotea Kashindye, mwenye miaka 52. Modesta akamwamkia, akamwomba aeleze lile tatizo polepole.

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa nikimwandika Kulwa, sawa. Nikimwandika Doto, inajifunga, na kazi ya siku nzima inapotea. Lakini mbona mimi nilishatolewa kazini?"

Hapo ndipo Modesta alipoelewa. Programu ilikuwa haikubali mama mmoja kuwa na watoto wawili waliozaliwa siku moja. Kila Dorotea alipofika kwa pacha wa pili, kaya zote alizotembelea siku hiyo zilifutika, na kwa wakubwa wake alionekana hajatoka nyumbani. Wakamwita mvivu. Kazi aliyoifanya miaka kumi na moja ikaisha.

Kosa la mapacha lilirekebishwa kwa siku mbili. Kisanduku nacho kikaongezwa nafasi, na Modesta akaomba mwenyewe aanze kuwapigia watu. Dorotea hakurudishwa. Msimamizi wa Modesta alishauri Dorotea aandikiwe barua fupi kuhusu "hitilafu ya mfumo", bila jina la mtu.

Jumamosi iliyopita Modesta alipanda basi kwenda Misungwi, akamkuta Dorotea anaanika mihogo. Alipiga magoti pale pale. Akamweleza yote, hata kile kicheko, ambacho hakuna aliyemlazimisha kukisema.

Dorotea alimaliza kwanza kutandaza mihogo yake. Kisha akamwambia: "Inuka, mwanangu. Mimi nimekusamehe. Lakini mbona unaniomba huku nyuma ya nyumba? Mkoba na simu ya kazi nilinyang'anywa kwenye zahanati, siku ya kliniki, kina mama wote wananitazama. Hata wale niliowapokelea watoto."

Modesta anasema chai aliyokaribishwa ilimshinda.

Siku ya kliniki ni Alhamisi. Ameomba ruhusa kazini, akanyimwa, na ataenda hivyo hivyo. Anataka kusimama mbele ya kina mama wale, aseme kwamba Dorotea Kashindye alifanya kazi yake na akatoa taarifa mara sita, na kwamba aliyezifunga ni yeye.

"Kama watamrudisha, sijui. Kama mimi nitafukuzwa, sijui," anasema. "Ila jina langu nitalitaja lote."